Dada wa Shule Moja: Akina Mama wa Gatongora na Gari la Usiku

Wasomaji wengi huijua Gatongora kwa kupita tu. Mtu atokaye Nairobi kwa barabara kuu ya Thika hufika Ruiru, na huku kandokando ya mji huo ndiko iliko wadi yetu. Wakulima wataikumbuka Ruiru kwa ile kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa na kituo cha utafiti mwaka wa 1985, nayo haishindwi upesi na ugonjwa wa chulebuni. Walakini kahawa yenyewe imepungua sana. Mashamba yamekatwa viwanja, na viwanja vimeota nyumba za kupangisha. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009 mji wa Ruiru ulikuwa na watu 238,858. Hesabu ya 2019 ikaonyesha 490,120. Ni watu wengi waliokuja kwa miaka kumi tu, na wengi wao hawajui hata jina la jirani aliye upande wa pili wa ukuta.

Basi, katika mahali pa namna hiyo, pana akina mama 23 wajuanao vizuri mno. Wote walisoma shule moja ya sekondari ya misheni, kila mmoja kwa mwaka wake. Mkubwa wao amepita miaka 70. Mdogo wao alimaliza kidato cha nne juzijuzi na sasa anajifunza ualimu. Hukutana Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi chini ya mparachichi, nyumbani kwa mwenyekiti wao, kila mtu na kikombe chake mkononi, kwa sababu mwenyekiti alichoka kuvunjiwa vyake.

Mimi nilikwenda kwao kwa kazi ya serikali. Walitaka kuelezwa ile Sheria ya Kuandikisha Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, na karani ndiye aliyetumwa kuieleza. Yafaa niseme wazi kwamba walikwisha kuleta karatasi zao zamani: katiba, orodha ya wanachama, na kumbukumbu za mkutano wa kwanza, zote zimeandikwa kwa mwandiko safi. Karatasi hizo zililala juu ya meza yangu majuma matatu chini ya faili nyingine. Kwa hiyo nilipokaribishwa chai nilijua kwamba sikustahili sukari.

HABARI ZA DADA

Mkutano wao hufunguliwa kwa sala, kisha husomwa kumbukumbu, kisha lifuatalo huitwa "habari za dada". Hapo kila mwanachama husimama na kusema yaliyompata tangu walipoachana. Nilidhani ni porojo za kupitisha wakati, nikakaa kwa kuvumilia. Baada ya nusu saa niliona kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe ya chama.

Mmoja alisema kwamba amestaafu uuguzi baada ya miaka 34, na kwamba juma la kwanza aliamka saa kumi na moja alfajiri akavaa viatu vya kazi kabla ya kukumbuka. Walicheka sana. Mwingine alisema binti yake amepata nafasi ya chuo kikuu. Makofi yakapigwa, na katibu akaandika kiasi cha karo kilichopungua. Mwingine, ambaye ni mfugaji, alisema ng'ombe wake amezaa ndama jike. Mmoja aliyefiwa na mumewe mwezi wa pili alisema kwamba shemeji zake sasa wanataka kuona hati ya shamba. Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti akamwambia, "Hati usimpe mtu, dada. Jumatatu twende pamoja kwa mwanasheria." Shauri hilo likaisha kwa maneno hayo machache.

Wawili hawakuwapo. Mmoja anafanya kazi ya kutunza wazee huko Marekani, na mwingine yuko Dubai. Sauti zao zilisikizwa kwa simu, nao waliulizwa habari zao kama wengine. Yule wa Dubai alisema anaona kiu ya mvua. Kwetu mvua ilikuwa imekwisha kutuletea hasara, kama nitakavyoeleza.

Zamu ilipomfikia mama mmoja aliyeketi karibu na ukuta, alisema tu, "Kwangu hakuna jipya," akaketi. Hakuna aliyemhimiza. Baadaye niliambiwa sababu. Katika mvua za mwezi wa nne, mke wa mwanawe alishikwa na uchungu saa saba za usiku. Barabara ilikuwa tope. Vijana wa bodaboda waliopigiwa simu, mmoja hakujibu, na wa pili alikataa kumbeba mja mzito katika giza na utelezi, wala sidhani kwamba alikosa kukataa. Walingoja mpaka mapambazuko. Mama alipona, mtoto hakuishi.

FEDHA ZA KIWANJA

Chama hiki hutoa shilingi 500 kwa kila mwanachama kila mwezi. Siku ile sanduku, yaani hesabu yao ya benki, lilikuwa na shilingi 241,500. Fedha hizo zilikuwa na kazi yake tangu mwanzo: kununua kiwanja, wajenge vyumba vya kupangisha. Muuzaji alikuwa amekwisha patikana, naye alitaka shilingi 200,000 za kwanza kabla ya mwisho wa mwezi ule.

Ndipo yule muuguzi mstaafu aliposimama akaleta shauri jipya. Alitaka shilingi 60,000 zitengwe kwa gari la usiku. Alikuwa amezungumza na mwenye teksi mmoja anayekaa hapa hapa, na mtu huyo alikubali kuitwa saa yoyote, shilingi 1,500 mpaka hospitali ya Ruiru na 2,500 mpaka Thika, alipwe na chama, si na mgonjwa. Fedha hizo zingetosha safari 30 hivi. Wala zisiwe za dada peke yao, bali za mama yeyote wa Gatongora mwenye uchungu.

Alieleza sababu zake kama mtu anayepokeza zamu kwa mwenzake hospitalini. Alisema mama mzazi huuawa na kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kukata shauri nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa akisha kufika. "La tatu ni la madaktari na serikali," alisema. "La kwanza na la pili ni letu." Akasema kwamba mama anayevuja damu nyingi baada ya kuzaa aweza kufa kwa muda wa saa mbili. Kutoka hapa hadi Thika si mwendo wa saa mbili; walakini kutafuta gari saa nane za usiku kwaweza kuzimaliza zote.

Maneno hayo si ya kutisha watu bure. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba Kenya ilipoteza akina mama 362 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Hesabu ya watu ya 2019 ikatoa 355. Msomaji mwenye kujua hesabu ataona jinsi tulivyosogea kidogo. Nasi hatuwezi kusema kwamba habari hii ilitufikia kwa kuchelewa, maana mkutano mkubwa wa dunia ulioanzisha mwendo wa uzazi salama ulifanyika Nairobi, mwezi wa pili mwaka 1987.

Mweka hazina alipinga shauri hilo. Napenda maneno yake yaandikwe kwa haki, maana baada ya mkutano wengine walimsema vibaya. Yeye si mtu wa choyo. Alisema kwamba watatu kati yao wamezeeka bila pensheni, na kwamba kodi ya vyumba ndiyo iliyotarajiwa kuwalisha. Alisema 241,500 ukiondoa 60,000 hubaki 181,500, nazo hazifiki 200,000, na muuzaji hatangoja. "Kazi ya hospitali ina serikali na ina kodi zetu," alisema. "Wazee hawa wana nani?" Kisha akaongeza neno lililowanyamazisha wote: ikiwa chama kitalipia kila mtu wa Gatongora, kitalipia wangapi, na siku fedha zitakapokwisha ni nani atakayesimama mlangoni amwambie mama mwenye uchungu kwamba hakuna gari?

Nilipoulizwa kama sheria yaruhusu, nilijibu kwamba ni juu ya katiba yao wenyewe. Katiba yao ilisema "kusaidiana na kuisaidia jamii". Kila upande uliyashika maneno yake.

WODI YA WAZAZI YA THIKA

Mkubwa wao, yule aliyepita miaka 70, alikuwa kimya mpaka hapo. Alikuwa mkunga maisha yake yote. Aliuliza kama kuna anayejua ni nani waliosaidia wodi ya wazazi huko Thika katika miaka ya uhuru. Hakuna aliyejua. "Ni wasichana wa shule moja," akasema, "kama ninyi. Lakini wa Marekani."

Nikiri kwamba sikuamini. Siku zilizofuata nilitafuta habari hizo, nikaona mama huyu hakukosea. Huko Marekani wanafunzi wa vyuo vikuu wana desturi ya kuunda vyama vya udada. Msichana huapishwa akiwa mwanafunzi, lakini uanachama wake haumaliziki siku ya kupokea shahada. Akihamia mji wowote hutafuta tawi la dada waliokwisha kuhitimu, na huko huendelea kutoa ada, kuhudhuria mikutano, na kufanya kazi za jamii mpaka uzeeni. Matawi hayo pia husoma habari za wanachama: nani ameolewa, nani amepandishwa cheo, nani amefariki.

Chama kimoja cha namna hiyo huitwa Delta Sigma Theta. Kilianzishwa tarehe 13 Januari 1913 na wasichana weusi 22 wa Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Kazi yao ya kwanza mbele ya watu haikuwa karamu wala dansi. Tarehe 3 Machi mwaka huohuo waliingia katika maandamano makubwa ya wanawake waliodai haki ya kupiga kura, ingawa wanawake weusi walitakiwa wakae nyuma. Wengi wa umri wao walikuwa bado wanaomba ruhusa ya wazazi kutoka bwenini.

Chama hicho kilipokua kikatazama ng'ambo. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 kilichangisha fedha kwa ajili ya wodi ya wazazi mjini Thika. Siku zile Daktari Njoroge Mungai alikuwa amerudi kutoka masomo yake Stanford na kufungua zahanati, mojawapo hapo Thika. Mwaka 1963 akawa Waziri wa kwanza wa Afya wa Kenya huru. Daktari wa Kiafrika alikuwa haba kama mvua ya mwezi wa nane. Na huko Marekani walimu wa shule na makarani, ambao wengi wao katika majimbo ya kusini walikuwa bado wakizuiwa kupiga kura mpaka sheria ya 1965, walitoa sehemu ya mishahara yao kwa akina mama wa Kiambu na Murang'a wasiopata kuwaona.

Mkunga wetu hakusema mengi kama haya. Alisema tu: "Wale hawakutujua majina. Sisi twajua mpaka majina ya watoto wasioishi." Yule mama wa karibu na ukuta akainamisha uso.

Wengine watauliza mbona twatafuta mfano mbali. Ni kweli, hapa kwetu mambo haya si mageni. Bibi zetu walikuwa na ngwatio ya shambani, na matega ya kumpelekea mzazi kuni, unga na ndizi. Kilichokuwa kigeni ni shule yenyewe. Kwa muda mrefu msichana wa Kiafrika aliyetaka masomo ya juu hakuwa na pa kwenda. Bibi Margaret Kenyatta alisoma Alliance pamoja na wavulana, kwa kuwa shule ya sekondari ya wasichana Waafrika ilifunguliwa Kikuyu mwaka 1948 tu. Maendeleo ya Wanawake ilianza mwaka 1952, mwaka uleule wa kutangazwa Hali ya Hatari, na kwa sababu iliongozwa na serikali ya kikoloni, wengi wa sehemu zetu waliitazama kwa jicho la pembeni. Hawakukosa sababu. Ilipata mwenyekiti wa kwanza Mwafrika, Bibi Phoebe Asiyo, mwaka 1958. Naye Profesa Wangari Maathai, aliyemaliza Loreto Limuru mwaka 1959 kisha akasoma Kansas, alianza kupanda miti mwaka 1977 akiwa ndani ya Baraza la Wanawake wa Kenya, si peke yake kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1985 wanawake wa dunia nzima walipokutana Nairobi, mwenyekiti wa mkutano wa mataifa alikuwa ni yuleyule Bibi Margaret Kenyatta.

Lakini sisi wanaume tuliosoma shule za misheni, tukikutana huwa tunasimulia mpira na viboko, kisha kila mtu hushika njia yake. Mimi sijui ni wangapi wa darasa langu walio hai.

KURA, NA YALIYOFUATA

Kura zilipigwa kwa punje za mahindi na maharage ndani ya chungu. Waliokuwapo ni 21. Waliokubali gari la usiku walikuwa 13, waliokataa 8. Mweka hazina alihesabu mwenyewe, akaandika, akafunga kitabu. Halafu akasema kwamba hatatia sahihi ya benki siku ile. Atakwenda kulala kwanza. Dada mmoja alitoka kwa hasira bila kumaliza chai.

Nilirudi Gatongora baada ya miezi miwili, safari hii nikiwa na hati yao ya kuandikishwa, maana niliona haya kuituma kwa mkono wa mwingine. Nikapewa habari. Mweka hazina alitia sahihi siku ya tatu. Kiwanja kilinunuliwa na mtu mwingine, na jambo hilo bado linauma. Wazee watatu sasa wanalipwa shilingi 1,000 kila mmoja kwa mwezi kutoka mchango wa pekee, nao wenyewe wanasema hazitoshi.

Gari limekwenda mara tatu. Mara mbili lilikwenda Ruiru, na moja Thika. Safari ya Thika ilikuwa ya msichana mpangaji, mgeni kabisa, asiyejua kwamba kuna chama. Jirani yake alisikia kilio ukutani akapiga simu. Mtoto ni wa kiume. Safari moja ya Ruiru ilikuwa ya uchungu usio wa kweli, na mama akarudishwa nyumbani asubuhi. Baadhi walinung'unika kwamba 1,500 zimepotea bure. Muuguzi mstaafu akawauliza kama wangependa zaidi zipotee namna nyingine. Mweka hazina ameziandika: "Safari, hakuzaa, 1,500." Bado hakubaliani na jambo hili, lakini ndiye anayemwamsha dereva, kwa kuwa nyumba yake iko karibu naye kuliko zote.

Wameongeza kazi nyingine ndogo ambayo pengine ina faida kubwa kuliko gari. Tangu bima ya taifa ya zamani ilipoondolewa na mpango wa SHA kuanza tarehe 1 Oktoba 2024, wengi hawajui wafanye nini. Aliye na mshahara hukatwa asilimia 2.75, asiye na mshahara hupimwa uwezo wake, na mchango wake hauwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Mkulima au mfanya kibarua anayengoja siku ya uchungu ndipo ajiandikishe atakuwa amechelewa. Dada hawa huwatembelea wajawazito wakiwa na simu na kitambulisho, wakawaandikisha hapo hapo jikoni. Yule mdogo wao, mwanafunzi wa ualimu, ndiye hodari wa kazi hii, kwa kuwa hakasiriki mtandao unapokatika.

Yule mama wa karibu na ukuta nilimkuta amekaa mahali palepale. Zamu yake ilipofika alisema kwamba mkwewe ni mjamzito tena, miezi minne, na ameandikishwa. Akaketi. Katibu akaandika.

Mkutano ujao utakuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nane za mchana, chini ya mparachichi uleule. Dada wa shule hiyo wanaokaa kati ya Ruiru na Thika, ambao hawajapata kufika, wanakaribishwa, wa mwaka wowote. Waje na kikombe.